Kibibi

Saa nane na robo ya usiku, Mtambwe,
kibibi kamshika Shaame.
Si bibi wa kukaribishwa kitako huyu:
haingii kwa hodi, hana salamu,
hukalia shavu la mguu
mpaka liwe gumu kama kinu.

Kutwa alikuwa juu ya mkarafuu,
unyayo mmoja kwenye tagaa, mwingine hewani;
pishi saba kazishusha.
Sasa anauma mto
watoto wasiamke.

Mimi ni mkewe. Mimi pia
ndiye mwenye funguo za stoo ya dawa, hospitali ya Wete,
na daftari nililolipiga mistari mwenyewe, safu tatu:
Dawa. Wasemavyo. Kilichothibitika.

Mkwe wangu, Bi Chumu, kaja na tochi kwapani
na chupa ya mafuta ya makonyo;
harufu imemtangulia ukumbini.
Anasugua, anapuliza, anasoma, anasugua.
Safu ya tatu niliandika:
yujenoli, hutia ganzi kwenye ngozi.
Msuli uko chini zaidi. Sina hakika kama inafika.
"Andika basi kwamba imenukia," akasema.

Tangawizi nayo, ya kupondwa na mdalasini.
Nilisoma: walioitumia siku nyingi mfululizo,
maumivu ya kazi yaliwapungua kidogo.
Kidogo. Nikalikandamiza kalamu neno hilo.
Bi Chumu halipendi;
yeye hata sukari hutia kwa konzi.

Lakini achari!
Maji ya achari ya ndimu, chumvi ya miezi minne,
funda moja tu, Shaame akakunja uso wote,
na sijafika mia mbili kuhesabu
kinu kikawa nyama.

Hapo nilikaa chini.
Kwani chumvi haiwezi, kwa njia yoyote niijuayo,
kutoka tumboni ikafika mguuni upesi namna ile.
Wapo waliojaribu, watu wachache, maabara ya mbali,
kwa maji ya matango yaliyolala kwenye siki.
Wanadhani ni koo:
ukali huligutusha koo,
koo likapiga ukelele kwenye uti wa mgongo,
na uti, kwa mshtuko, ukauambia msuli: mwachie.
Wanadhani.
Nami nimeandika: wanadhani.

Uzi mweusi ndio uliotugombanisha.
Kidole gumba cha mguu, mafundo matatu,
na midomo ya Bi Chumu ikicheza.
Uzi! nikasema. Uzi wa cherehani,
wa dukani kwa Faki!
Nikaukata kwa wino, safu zote tatu.

Usiku wa nne kibibi karudi.
Bi Chumu yuko matangani Konde,
chupa ya achari imebaki kokwa.
Nikauchukua uzi,
nikaona haya na hakuna anayenitazama.

Ili uzi ukizunguke kidole, sharti kidole kishikwe.
Ili fundo likaze, sharti kivutwe,
kije juu, kielekee goti,
na unyayo ukafuata,
na shavu la mguu likakunjuka taratibu
kama mkeka uliolala na mvua.
Fundo la kwanza. La pili.
Shaame akashusha pumzi.
La tatu sikulifunga.

Kunyoosha. Ndiyo yote.
Jambo ambalo wauguzi tunafundishwa
hata kabla ya kugawiwa sare.

Aliporudi nikamsomea daftari:
Uzi, hapana. Kuvuta, ndiyo, kumethibitika.
Akataka nimsomee tena.
"Haya," akasema, akivua baibui.
"Sasa niambie wewe uliyesoma:
saa nane ya usiku, mtu hoi, mwana kamlalia mkono,
nani atainuka akavute kidole cha mwenziwe
kama hana uzi?"

Nimepiga mstari mwingine pembeni ya daftari.
Safu ya nne. Bado sijaiandika jina.